Si Kila Bunduki ya Zamani ni ya Mjerumani

Msimu wa korosho uliopita, mjomba wangu wa Mahiwa alinipigia simu saa tatu usiku. Mjomba hana mazoea ya simu. Akipiga, ama kuna msiba ama kuna mahari inajadiliwa. Safari hii alisema maneno machache: "Mpwa wangu, nimeng'oa kisiki cha mkorosho, kumbe chini yake kuna bunduki ya Mjerumani. Wewe ni mtu wa vyuma. Njoo uitazame kabla vijana hawajaiuza kwa kilo kama chuma chakavu."

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga hapa Mtwara mjini. Kazi hii imenizoesha kusoma vyuma. Injini mbili za Lister zaweza kufanana kama pacha, moja imetoka Uingereza na nyingine imeigwa India, na ukiagiza bushi bila kusoma kibati cha namba utarudi dukani siku hiyo hiyo. Kwa macho hayo hayo nimekuwa nikizisoma bunduki za kale za bolti, zile ambazo kila ukipiga risasi moja unainua mkono wa chuma, unauvuta nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele tena. Sina bunduki, wala sijaomba kibali cha kumiliki. Ninachokusanya ni picha, vipimo na alama. Wako watu Ulaya na Marekani wanaozitafuta bunduki hizi kwa bei kubwa, na tofauti ya kijibati kidogo tu inaweza kupandisha au kushusha thamani. Kwetu Kusini thamani yake ni nyingine. Vita vya wageni vilipiganwa kwenye mashamba ya babu zetu, na vyuma vyao bado tunavilima.

Nilimwambia mjomba aifunike kwa turubai, asiigonge, asijaribu kuivuta bolti, na kabla ya kulala amwarifu mtendaji wa kijiji. Silaha ni silaha hata ikiwa imeoza, mahali pake ni polisi. Na risasi nzima iliyokaa ardhini miaka mia moja haijawa kokoto. Baruti yake huenda imekufa, huenda haijafa, na hakuna mwenye macho ya kuijua kwa nje.

Kesho yake nikapanda basi la alfajiri, Mikindani, Mnazi Mmoja, halafu tukakata kushoto kuelekea Mtama. Nyangao nikachukua bodaboda. Nilifika jua limeshakuwa kali, mtendaji yupo chini ya mwembe na daftari lake, polisi wameshaarifiwa lakini gari lao lingefika siku ya pili. Nikaamkia, tukanywa uji, tukaenda shambani.

Kilichokuwa chini ya turubai kilikuwa donge la kutu lenye urefu wa kama mkono wangu mmoja. Mbao zote zilikuwa zimeliwa na mchwa zamani. Mtutu ulikuwa umekatika, umebaki kama shubiri mbili. Ulibaki mwili wa chuma, bolti imefungwa na imegandana na kutu, sanduku la magazini limebonyea upande mmoja, na nyuma yake pete nene ya chuma pale ambapo kitako cha mbao huchomekwa. Pembeni yake mjomba alikuwa amepanga maganda matano ya risasi na risasi mbili nzima. Hizo mbili nzima hatukuzigusa tena. Donge lenyewe tulilihesabu kuwa lina risasi ndani, maana bolti iliyofungwa haikupi njia ya kujua, na muda wote tuliligeuzia mdomo kwenye kichuguu.

"Ya Mjerumani hiyo," alisema kijana mmoja nyuma yangu. Wazee wakaitikia.

Huku kwetu kila chuma cha kale ni cha Mjerumani. Boma la Mjerumani, daraja la Mjerumani, kisima cha Mjerumani, bunduki ya Mjerumani. Nalielewa. Mjerumani ndiye aliyewachapa babu zetu, ndiye aliyepigana na Majimaji kuanzia 1905, ndiye jina lililobaki mdomoni. Lakini Mahiwa ya Oktoba 1917 haikuwa ya Mjerumani peke yake. Kwa siku nne, kuanzia tarehe 15 hadi 18, jeshi la Mjerumani chini ya kamanda Paul von Lettow-Vorbeck lilipambana hapa na jeshi la Mwingereza lililokuwa likisukuma kutoka Lindi na kutoka kaskazini. Upande wa Mwingereza zaidi ya watu 2,000 waliuawa au kujeruhiwa. Na huo "upande wa Mwingereza" ulikuwa Keya, yaani askari Waafrika wa Mwingereza, kutoka Afrika Mashariki na Nyasa, ulikuwa Wanigeria waliozingirwa karibu kabisa na hapa niliposimama, ulikuwa Wahindi wa Punjab. Ukiita kila kilichozikwa hapa kitu cha Mjerumani, umewafuta hao wote kwenye shamba walilofia. Ndiyo maana sikutaka kuitikia haraka.

Tuanze basi na Mjerumani mwenyewe, tuone kama chuma hiki kinamfaa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, askari wengi wa Mjerumani hapa walikuwa bado wanabeba Mauser ya 1871. Ni bunduki ya milimita 11, risasi moja moja, haina magazini kabisa, na inatumia baruti nyeusi. Ukipiga, wingu jeupe linakutangaza kwa adui. Ndugu yake ni 71/84, ambayo watu huichanganya na ile ya kwanza kwa sababu risasi ni ya milimita 11 vilevile na sura zinakaribiana. Tofauti iko chini ya mtutu. Ya 71/84 ina bomba refu ndani ya mbao lenye risasi nane, zimelala moja nyuma ya nyingine kama samaki kwenye mshikaki, na kwa hiyo tumbo la chuma chake ni nene zaidi. Zote mbili hazina sanduku linaloning'inia chini. Donge la mjomba lilikuwa nalo. Hizo mbili zikaondoka.

Ikabaki Gewehr 98, Mauser ya kisasa ya wakati ule, milimita 7.92, risasi tano, baruti isiyo na moshi. Zilikuwa chache hapa mwanzoni, na Mjerumani alizitamani sana. Meli ya Marie ilipopenya vizuizi vya Mwingereza na kutia nanga ghuba ya Sudi Machi 1916, silaha na risasi zilizoshuka zilibebwa kwenda bara kwa vichwa vya wapagazi. Watu wa Sudi mpaka leo wana masimulizi yake. Lakini 98 ina ishara zake. Magazini yake imefichwa ndani ya mbao, chini iko sawa, hakuna kinachochomoza. Mkono wa bolti wa bunduki ndefu umenyooka kutoka ubavuni, kama tawi lililokatwa. Iko karabini yake, Kar 98, ambayo mkono wa bolti umekunjwa chini, na huo mkunjo umewapoteza wengi. Usiutegemee peke yake. Tazama meno ya kufungia bolti. Mauser inafunga kwa mbele, meno mawili yanaingia nyuma tu ya risasi. Lee-Enfield ya Mwingereza inafunga kwa nyuma, na ubavuni mwa bolti kuna ubavu mrefu wa chuma unaoonekana hata kwenye kutu.

Ubavu huo ulikuwepo. Mkono wa bolti ulikuwa umeinama mpaka karibu na mahali pa kidole, na mwisho wake una kidonge cha mviringo. Sanduku la magazini lilichomoza chini, la risasi kumi. Nikamwambia mjomba, "Hii ni ya Mwingereza."

Mjomba akanitazama. "Una hakika?"

"Kwa hapo nina hakika. Sasa tutafute ni ipi."

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza, na hapo ndipo watu wengi wanapoishia. Kusema "Lee-Enfield" ni kama kusema "ni baiskeli". Ya mwaka gani? Ya kiwanda gani? Imebadilishwa nini njiani?

Ya zamani ilikuwa ndefu, mtutu wa zaidi ya inchi 30. Mwaka 1903 ikaja fupi, mtutu wa inchi 25.2, ili askari wa miguu na wa farasi watumie moja. Kwa kuwa mtutu wa mjomba ulikatika, urefu haukunisaidia kitu. Nikatazama juu ya mwili wa chuma, mahali pa kusukumia risasi kutoka kwenye klipu, kile kibanio cha risasi. Fupi ya kwanza, Mk I (Mk ni Mark, yaani toleo), ilikuwa na njia ya klipu nusu yake kwenye kichwa cha bolti, inayosogea. Fupi ya 1907, yaani Mk III, ina daraja la chuma lililokingama juu ya mwili kutoka upande mmoja hadi wa pili, halisogei. Nikafuta udongo kwa mswaki mkavu. Daraja lilikuwepo, limeliwa na kutu kama biskuti iliyomwagikiwa chai, lakini limekingama.

Basi ni Mk III. Au ni Mk III yenye nyota. Na nyota hiyo ndiyo iliyonilaza macho.

Mk III ilipotoka ilikuwa bunduki ya watu wenye muda. Ilikuwa na kibati bapa ubavuni mwa kulia, kinachoingia ndani kwenye mfereji mwembamba juu ya magazini. Ukikisukuma ndani, kinazuia risasi za magazini zisipande, na askari anapiga kwa kulisha moja moja kwa mkono. Zile kumi zinabaki akiba mpaka afisa aamuru. Mawazo ya wakubwa wa wakati ule yalikuwa kwamba askari akiachiwa atamaliza risasi kwa woga. Upande wa kushoto ilikuwa na kilengeo cha pili, kisahani chenye namba na mkono wake, cha kupigia kundi zima la adui lililo mbali hadi yadi 2,800. Kilengeo cha nyuma kilikuwa na skrubu ya kusogeza kushoto na kulia kufuata upepo. Kwenye kitako palichomekwa kisahani cha shaba cha kugonga alama ya kikosi. Nyuma ya bolti, kitufe cha kuvutia kilikuwa cha mviringo, kimechongwa vizuri.

Halafu vita vikala watu na bunduki kwa kasi ambayo viwanda havikuiweza. Januari 1916 ikakubaliwa Mk III*, na nyota hiyo maana yake ni vitu vilivyoachwa. Kibati cha kuzuia, hapana. Kilengeo cha pembeni, hapana. Skrubu ya upepo, hapana. Baadaye kidogo kitufe cha mviringo kikawa bapa chenye mikwaruzo ubavuni, kwa sababu bapa hukatwa haraka, na kile kisahani cha shaba nacho kikaachwa. Mtu aliyeshika zote mbili akiwa hajui anaona bunduki moja. Mtu anayejua anaona kiwanda chenye utulivu na kiwanda chenye njaa.

Ugumu ni kwamba tofauti zenyewe ni za kutokuwepo, na kitu kinaweza kukosekana kwa sababu nyingi. Huenda hakikuwekwa tangu mwanzo. Huenda fundi wa jeshi alikitoa. Huenda kimeoza. Isitoshe, bunduki nyingi za nyota za mwanzo zilitoka kiwandani na mfereji wa kibati umeshachongwa ingawa kibati chenyewe hakikuwekwa, kwa hiyo mfereji mtupu haushuhudii lolote. Na baada ya vita, majeshi yalipopata tena muda, baadhi ya bunduki za nyota zilirudishiwa vibati. Siku hizi wauzaji nao huchomeka kilengeo cha pembeni kwenye bunduki ambayo haikuzaliwa nacho, kwa sababu mnunuzi atalipa zaidi. Hilo silipendi hata kidogo. Kurudisha kipande kwa ajili ya matengenezo ni kazi ya heshima ukisema umekirudisha. Ukinyamaza umeidanganya bunduki na umemdanganya atakayeisoma baada yako. Ndiyo maana wakusanyaji makini hutazama namba kwanza. Namba iliyogongwa kwenye mwili wa chuma mbele huwa imerudiwa nyuma ya mkono wa bolti, na pia kwenye kilengeo na kwenye kofia ya pua. Zikilingana, vipande vimeishi pamoja. Zisipolingana, kuna mkono wa fundi umepita, na huenda huo mkono una hadithi nzuri kuliko kiwanda.

Kwa donge la mjomba namba zilikuwa zimekufa. Iliyobaki ni pete ya shingo, ile ya kuchomekea kitako.

Upande wa kulia wa pete hiyo, chini ya mkono wa bolti, ndipo kiwanda kilipogonga jina lake: taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka, aina. Nilitumia mbinu ya watoto. Unaweka karatasi nyembamba juu ya sarafu, unasugua penseli imelazwa, sura ya sarafu inapanda kwenye karatasi. Kwa chuma kilicholiwa na kutu penseli huona kuliko jicho, kwa sababu jicho huvutwa na rangi ya kutu na penseli haina habari na rangi. Mtendaji alinipa karatasi kutoka daftari lake. Jioni ile, kwa taa ya sola ya mjomba, nilipata nusu ya taji, chini yake G na R, kisha FIELD bila herufi za mbele, kisha 191 na namba ya mwisho iliyokatika juu, kisha SHT. L.E., yaani Lee-Enfield fupi, kisha mistari mitatu iliyosimama, yaani III, na kando yake doa.

G.R. peke yake ilinipa kitu. Ni George V, na yeye alikalia kiti 1910. Bunduki za mwanzo za Mk III zina E.R., za Edward VII. FIELD ni Enfield, kiwanda cha serikali. Ingekuwa B.S.A. Co. au L.S.A. Co., alama za viwanda vingine, ningesoma vingine. Lile doa nililiona nyota. Ile namba niliisoma 6. Nikamwambia mjomba kabla ya kulala, "Ni Mk III yenye nyota, ya 1916." Nilikosea, na nililala nikiwa na furaha ya bure.

Asubuhi nilirudia. Safari hii nilisubiri jua likiwa chini, mwanga unapopita ubavuni mwa chuma na kila kishimo kinatupa kivuli. Nikasugua karatasi ya pili, penseli laini, mkono mwepesi. Nusu ya chini ya ile namba ilikuwa na tumbo, lakini upande wa kushoto iko wazi. Sita haiko wazi kushoto, imefungwa. Iliyo wazi ni tatu, au tano, au tisa, na 1919 vita vya huku vilikuwa vimeshakwisha. Yaani 1913 au 1915. Na doa? Nyota ya kugonga ina ncha, na kingo zake ni kali kama herufi zilizo jirani. Hili lilikuwa na kingo za kumung'unyika. Kishimo cha kutu.

Bado nilitaka ushahidi wa chuma. Nikachukua sindano ya kushonea magunia, nikaanza kutoa udongo kwenye ule mfereji wa kulia, chembe kwa chembe, donge limelala kwenye gunia na mdomo wake kwenye kichuguu. Udongo wa Mahiwa ukikauka ni kama saruji. Nilichukua karibu saa nzima. Kwa kina cha kama nusu ya ukucha sindano ikagota. Nikapuliza. Ndani ya mfereji palikuwa na ukingo mwembamba wa chuma, umelala, tofauti na kuta za juu na chini yake, una mstari mweusi kuuzunguka. Kibati. Kilikuwa kimesukumwa ndani kabisa. Sehemu ya nje ya kushikia kwa kidole imeoza na kudondoka, ndiyo maana kwa nje palionekana patupu.

Nilimwita mjomba, naye akapiga magoti akachungulia. Nilimweleza kilikuwa cha kazi gani. Akafikiri kidogo, akauliza swali ambalo sijalisoma kwenye kitabu chochote: "Sasa kama kimesukumwa ndani, ina maana huyu mtu alikuwa anapiga moja moja? Alikuwa ameambiwa abanie?"

Sikumjibu kwa haraka, na hata sasa sithubutu kusema ndiyo. Kibati kinaweza kusukumwa na mguu, na gurudumu, na mizizi ya mkorosho. Lakini swali lake nimelibeba.

Kuhusu nani aliishika, hapo napo chuma kina mipaka yake. Mwingereza aliposhindwa Tanga Novemba 1914 aliacha mamia ya bunduki na risasi nyingi sana, na Mjerumani akazigawa kwa askari wake, ambao walishukuru kuachana na moshi wa ile ya 1871. Kwa hiyo Lee-Enfield ilibebwa na pande zote mbili. Maganda yalisaidia kidogo. Yote matano yalikuwa na ukingo unaochomoza kwenye kitako, kama ilivyo .303, risasi ya Lee-Enfield. Risasi ya Mauser 98 haina ukingo huo, ina mfereji. Mawili yalisomeka: K na VII. K ni Kynoch wa Birmingham, VII ni aina ya risasi yenye ncha kali. Hakuna ganda hata moja la baadaye, la wawindaji au la vita vya pili, kitu ambacho kingenitia shaka kuwa bunduki ilizikwa miaka mingine kabisa.

Mwezi mmoja baada ya Mahiwa, risasi zisizo na moshi za Mjerumani zilikuwa zimekaribia kwisha. Lettow-Vorbeck akaacha wagonjwa na wengi wengine, akavuka Ruvuma, na tarehe 25 Novemba 1917 akawavamia Wareno Ngomano, akajipatia bunduki na risasi zao. Kwa hiyo mtu wa Newala au wa kando ya Ruvuma akichimbua chuma, awe na orodha ndefu kuliko yangu. Wareno walikuwa wameikalia Newala kwa wiki chache mwishoni mwa 1916. Walibeba Mauser-Vergueiro ya 1904, milimita 6.5, na Kropatschek ya zamani, milimita 8. Vergueiro kwa mbali ni Mauser, ila mwili wake wa chuma umepasuliwa kwa nyuma juu, na mkono wa bolti unapita katikati ya mpasuo huo mbele ya daraja. Kropatschek ina bomba chini ya mtutu, na ukiwa na haraka utaiita 71/84. Pima tundu la mtutu kabla ya kuipa jina. Milimita 8 na milimita 11 hazifanani hata kwa kidole cha mtoto.

Macho haya yanafaa hata nyumbani. Tuna picha ya babu mdogo, aliyekuwa Keya, amesimama na bunduki begani. Ukoo ulibishana kama ilipigwa mwanzo wa vita vya pili au baadaye. Kwa miaka mingi tulitazama uso na sare. Tazama pua ya bunduki. Ile fupi ya zamani, iliyopewa jina No. 1 mwaka 1926, ina pua bapa iliyokatwa, mtutu unaishia sambamba na chuma kinachoshika singe. No. 4, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi 1941, mtutu unachomoza mbele ya mbao kama kidole. Ya babu mdogo imechomoza. Basi picha hiyo si ya mwanzo wa vita. Shangazi hakufurahi, yeye alikuwa upande wa mwanzo.

Gari la polisi lilifika saa saba mchana. Walikuja wawili, wapole, mmoja akavaa glavu. Risasi nzima ziliwekwa kwenye ndoo ya mchanga, donge likafungwa kwenye gunia, mtendaji akasaini, mjomba akasaini, na mimi nikaandika vipimo vyangu kwenye fomu yao kwa sababu waliniomba. Nilimwonyesha yule mwenye glavu ukingo wa kibati ndani ya mfereji. Aliutazama kwa muda kuliko nilivyotarajia.

Nilibaki na karatasi mbili za penseli. Ile ya usiku, yenye nyota yangu ya uongo, nimeiweka pamoja na ile ya asubuhi kwenye bahasha moja.

Wakati nasubiri bodaboda ya kunirudisha Nyangao, mjomba aliniuliza, "Sasa watu wakiniuliza niseme ni ya nani?"

"Sema ni ya Mwingereza, Enfield, ya kabla ya 1916. Aliyeishika huenda alikuwa Keya, au Mnigeria, au Mpunjabi. Au askari wa Mjerumani aliyeiokota Tanga."

Akalirudia neno "Mnigeria" taratibu, kama mtu anayejaribu jina la mgeni kabla ya kumkaribisha. Majuzi alinipigia tena, mambo ya mbaazi. Nikamuuliza kama ameshapanda kitu pale kilipotoka kisiki. Akasema hajalifukia lile shimo, amelizungushia mawe kwanza.